Pumzi Kwenye Kamba ya Nguo

Jumamosi asubuhi Zoraida Huamaní alisogeza kitanda cha mwanawe mbali na ukuta, akachovya tambara kwenye siki, akaanza kufuta. Alianzia chini palipokuwa peusi, akapanda palipokuwa pa kijani, akamalizia karibu na dari, ambako kuvu ilikuwa bado changa, laini kama manyoya ya kifaranga. Hii ilikuwa kazi yake ya kila Jumamosi. Jumapili ukuta ulipendeza kidogo na chumba kizima kilinuka achari. Jumatatu vidoa vilianza kuchungulia, na ikifika Ijumaa kuvu ilikuwa imerudi pale pale, na safari hii imekuja na jamaa zake.

Binti yake Milenka, msichana wa miaka saba, alikaa kitandani katikati ya chumba akiangalia. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi. Viatu vyake vya shule vilikuwa vimeota kuvu ndani, mkoba wake umeota kuvu chini, na picha ya Bwana wa Miujiza ilikuwa imehamishiwa juu ya mlango isije nayo ikaota. Daktari wa zahanati alimsikiliza mtoto mgongoni, akamwambia Zoraida amtoe kwenye chumba hicho. Zoraida alimuuliza ampeleke wapi. Daktari akaandika dawa ya kuvuta.

Mjini Lima mvua hainyeshi. Mtu huzeeka na kufa bila kumiliki mwavuli. Lakini ikifika Juni ukungu hupanda kutoka baharini, hukaa juu ya mapaa kama mgeni asiyeaga, na nguo hubaki mbichi kwenye kamba hadi mtu anazivaa hivyo hivyo kwa kukata tamaa. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Lima kwamba ukuta wako una unyevu, atakuuliza kwani wa nani hauna. Huo ndio mlango wa kukwepa lawama ambao mwenye nyumba, Bi Perpetua Larrabure, alikuwa akitokea kila mara.

Bi Perpetua ndiye aliyekuwa na kinta yote, uchochoro mmoja wenye vyumba pande mbili na bomba moja katikati. Yeye mwenyewe aliishi nyumba ya mbele, yenye roshani ya mbao inayotazama barabara. Kila Julai, kabla ya sikukuu ya uhuru, aliupaka ukuta wa mbele rangi ya maziwa na kutundika bendera, maana ukuta wa mbele unaonwa na watu. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani ya mikangaga aliyoachiwa na mama yake, mimea mikubwa yenye majani kama manyoya ya tausi, iliyopandwa kwenye udongo ulioegemea ukuta wa Zoraida, ule ule wa kitanda cha Milenka. Katika mji usio na mvua, bustani ni mpira wa maji, na kila alasiri Zoraida aliusikia mpira ukifunguliwa upande wa pili. Isitoshe, Bi Perpetua alikuwa na mashine ya kukausha hewa sebuleni. Ilinyonya unyevu wa nyumba yake na kuujaza kwenye ndoo, na ndoo hiyo nayo iliishia kwenye mikangaga, kwa kuwa yule mama hakupenda kupoteza kitu.

Jumamosi hiyo alikuja kukagua, leso puani.

"Mwanangu, hivi chumba changu mnakifanya nini?"

"Bi mkubwa, maji yanatoka upande wako. Shika hapa uone."

"Sishiki. Mnapika humu."

"Jiko nimelihamishia uani tangu Pasaka. Si wewe uliyeniambia?"

"Mnaanika nguo."

"Nguo ziko paani."

Bi Perpetua alizungusha macho chumbani akitafuta kosa. Zoraida alikuwa akiuza emoliente, kinywaji cha moto cha shayiri, mbegu za kitani na majani ya dawa, kwa mkokoteni kwenye kona ya hospitali, lakini hata masufuria yake ya kazi yalikuwa yamelala nje. Chumbani palikuwa na kitanda, meza, kabati na mtoto. Macho ya Bi Perpetua yakatua kwa mtoto.

"Mnapumua," alisema.

"Tunafanya nini?"

"Mnapumua, mwanangu. Tena huyu wako anapumua kwa nguvu, namsikia mpaka kwangu. Pumzi ni maji. Maji hayo unadhani yanaenda wapi? Yanakuja ukutani kwangu."

"Basi tusipumue, Bi mkubwa?"

"Humu ndani, ndiyo. Nje mpumue mpaka mchoke, nani kawakataza? Wanaotaka chumba ni wengi, na wengine hawana watoto."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkata Zoraida maini. Ukizunguka mji ule ukiwa umemshika mtoto mkono, vyumba vyote vimekwisha kukodishwa asubuhi hiyo hiyo. Ukimwacha mtoto kwa jirani na kurudi peke yako, vinapatikana. Babake Milenka alikuwa mgodini huko juu na hurudi Krismasi, akirudi.

Zoraida alizaliwa Huancavelica, milimani. Bibi yake alikuwa akivuka vilele na msafara wa llama, na kabla ya kupanda alikuwa akitoa pumzi moja huku bondeni, akaikunja na kuifunga kwenye kitambaa cha sufu, ili akifika huko ambako hewa ni haba awe na ya akiba. Kutoa pumzi yote ni kazi ile ile, ila hubakizi. Unalegeza mabega, unashusha pumzi mpaka ile ya mwisho ambayo kwa kawaida huwa haitoki, unaikamata kwa meno na kuivuta taratibu kama uzi. Zoraida alitoa yake kwanza. Ilikuwa ndefu, ya kijivu, inanukia shayiri. Ya Milenka ilikuwa fupi na yenye mafundo, na ilipiga mluzi hata baada ya kutoka, ikabidi aitie kwenye mfuko wa mkate. Akazianika zote mbili kwenye kamba ya nguo uani, yake kwa kibanio kimoja, ya mtoto kwa viwili.

Teófila, jirani wa chumba kilichofuata na mama wa ubatizo wa Milenka, alitoka na beseni lake akasimama mbele ya kamba.

"Komadre, hii ni soksi au ni nini?"

Zoraida alivaa pumzi yake ili aweze kujibu. "Ni pumzi yangu. Bi Perpetua hataki tupumue ndani."

"Hee! Kumbe na wewe? Mimi kaniambia jana, nikadhani ni uzee." Teófila aliupima mfuko wa pumzi ya Milenka kwa vidole viwili. "Mbona nyepesi hivi, hata ya mtoto wa paka ina uzito zaidi. Yangu mimi na mwili huu si itakata kamba?"

"Jaribu."

"Na ya mume wangu je? Ile itawasha moto nguo za watu, kwa pisko anayokunywa."

Lakini walizileta. Kabla ya wiki kuisha kamba ilikuwa imejaa, na kila mtu alizijua pumzi za wenzake kama anavyojua mashuka yao. Ya mume wa Teófila ilitundikwa mbali, karibu na choo. Asubuhi watu walitoka kimya, wakakung'uta pumzi zao, wakazivaa zikiwa mbichi na nzito, ndipo wakasalimiana na kwenda kazini. Jioni walizivua mlangoni.

Ndani, maisha yaliendelea. Supu haikupulizwa, ilisubiriwa ipoe. Mshumaa uliwaka umesimama wima. Watu walizungumza kwa mikono, na wanandoa waliokuwa wakigombana kila jioni walilazimika kutoka uani, kuvaa, kugombana, kuvua na kurudi, mpaka wengine wakaona ni kazi bure wakaacha. Milenka hakukohoa. Kifua chake kilitulia kama meza, na Zoraida, aliyekuwa hajui tena usingizi usio na mluzi, alilala mpaka akachelewa mkokoteni. Alipoamka alifurahi, kisha akajikasirikia kwa kufurahi, maana mtoto naye alikuwa haimbi na hacheki. Kicheko kinataka pumzi. Siku Teófila alipoteleza mlangoni pao na ndoo ya maji, Milenka alifungua mdomo, mabega yakatikisika, na hakikutoka kitu.

Kisha Zoraida akaona kidoa shingoni mwa mtoto, chini ya nywele. Kilikuwa cha kijivu, laini. Alidhani ni vumbi la ukuta, akakisugua kwa kidole, nacho kikamwachia kidole kijani. Kitu kisichopumua kikikaa kwenye chumba cha unyevu huota kuvu, kiwe kiatu, kiwe mkoba, na Milenka alikuwa akikaa humo tangu anaporudi shule hadi kesho yake. Zoraida alichukua siki na tambara, akamfuta. Alimfuta polepole.

Unyevu wa ukuta wenyewe haukupungua hata kidogo. Hakuna aliyekuwa akipumua katika chumba kile, hakuna aliyepika wala kuanika, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka juu mpaka sakafuni. Ndipo, kwa kuwa chumba kilikuwa kimya kuliko kilivyowahi kuwa, Zoraida akasikia kwamba kuna anayepumua. Alisogeza sikio. Ulikuwa ukuta. Ulivuta na kushusha, bila haraka, kama mtu aliyeshiba, na pumzi yake ilinukia anisi, zile peremende za anisi ambazo Bi Perpetua hakosi mdomoni.

Lilikuwa jambo la kueleweka. Bi Perpetua alipumua sebuleni kwake, mashine ikanyonya pumzi hiyo ikaijaza ndooni, ndoo ikamwagwa kwenye mikangaga, na udongo ukaipitisha huku. Na kwa vile mtu anapopumua mara nyingi huwa anasema, maneno nayo yalikuja. Yalifika yamelowa na kuchelewa, kwanza moja moja, kisha sentensi nzima, kutoka pale kwenye weusi wa chini, usawa wa mto wa Milenka.

"Fundi alishaniambia zamani, dada," ukuta ulisema, kwa sauti ile anayoitumia mtu akiwa kwenye simu na ndugu yake. "Ni mikangaga. Ukitaka ukuta ukauke, uing'oe. Mimi niing'oe mikangaga ya mama kwa ajili ya hawa? Watakohoa tu. Wamezoea."

Ukavuta pumzi, ukarudia.

Zoraida alikaa kwenye kitanda cha mwanawe akausikiliza mpaka mwisho, ukaanza tena, akausikiliza tena. Mtoto alikuwa amelala kichwa kikiwa pale pale. Hakuna ajuaye alikuwa ameyasikia maneno yale mara ngapi.

Alimwita Teófila kwa mkono, naye akaja, akaweka sikio, akatoa macho. Alitoka mbio uani, akavaa pumzi yake, akatukana matusi ambayo hayaandikiki, akaivua na kurudi kusikiliza. Jioni hiyo kinta nzima ilipita humo mmoja mmoja, na wote walitoka wakiwa wamekunja sura. Hakuna aliyeshangaa ukuta kusema. Kilichowauma ni lile neno la mwisho.

Kesho yake Zoraida alimwendea Bi Perpetua, akamwomba aje aone. Alimwambia hakuna pumzi humo ndani, apekue atakavyo. Bi Perpetua alikuja na leso yake. Alitazama kwenye kamba, akaona zote zimetundikwa, akaridhika. Zoraida alivua yake mlangoni mbele ya macho yake, akaikabidhi kwa Teófila aitundike, wakaingia.

Bi Perpetua alitazama maji yanayotiririka. Upande wa pili, kijakazi wake alikuwa amefungua mpira, na maji yalisikika yakipiga majani. Zoraida alinyoosha kidole kuelekea kwenye sauti hiyo.

"Usibadilishe mada," alisema Bi Perpetua. "Ukuta huu umepoa. Nyumba isiyopumuliwa ndani lazima ioze, hata mtoto mdogo anajua. Nani kawaambia muache kupumua?"

Zoraida alimshika mkono, akamsogeza mpaka kwenye mto, akamwinamisha. Ukuta ukasema. Ulisema yote, fundi na mikangaga na mama na hawa, ukafika kwenye wamezoea, ukavuta pumzi ya anisi. Bi Perpetua alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikia wimbo wa ujana wake redioni.

"Ni mimi," alisema. "Sauti yangu bado nzuri."

Akasogeza sikio karibu zaidi.

"Kumbe pumzi yangu ndiyo iko humu. Nami kila siku najiuliza mbona nimeanza kuchoka nikipanda ngazi." Aliugusa ukuta, kwa mara ya kwanza, kwa upole. Kisha akageuka na uso umebadilika. "Na wewe kila Jumamosi unanifuta na siki?"

Zoraida alifungua mdomo apige kelele, pakawa kimya. Alitoka mbio hadi uani, akapapasa kamba, akaichukua pumzi yake na kuivaa huku anakimbia, moja kwa moja, na unyevu wake wote.

"Mwanangu ameota kuvu!" alipiga kelele kutoka mlangoni. "Ana miaka saba na ameota kuvu kama kiatu! Shingoni, mgongoni, kila wiki namfuta kama sahani! Na wewe ulikuwa unajua, unajua miaka yote, unatuambia sisi ndio tunapumua! Ng'oa hayo majani, mama wewe! Yang'oe, au nitayang'oa kwa meno!"

"Usipaze sauti humu," alisema Bi Perpetua. "Unalowanisha ukuta."

Akapita pembeni yake, akaenda kwake. Teófila aliyekuwa uani alimzomea mpaka mlangoni, na wengine waliovaa haraka wakazomea pamoja naye, pumzi zote za kinta kwa wakati mmoja, bendera ya sikukuu ikapepea kule mbele kwa upepo wake. Mlango ulifungwa. Alasiri mpira ulifunguliwa kama kawaida.

Kulikuwa na wakili aliyekuwa akinywa emoliente kwenye mkokoteni wa Zoraida kabla ya kwenda mahakamani. Zoraida alimweleza habari yote huku akimmiminia. Wakili alipuliza bilauri yake, akafikiri, kwani alikuwa mtu mwema.

"Tatizo, mama, ni shahidi," alisema. "Ukuta ni mali ya huyo bibi. Mali ya mtu haiwezi kusimama kutoa ushahidi dhidi ya mwenyewe."

"Na mtoto wangu?"

"Mtoto anakohoa?"

"Akiwa ndani hapumui, atakohoaje?"

"Hapo basi umeniharibia kesi." Akaomba aongezewe limau.

Siku hiyo, mtoto aliporudi shule, Zoraida alimsubiri uani. Alimwambia kwamba kuanzia leo hatavua. Liwalo na liwe, atapumua ndani na nje kama mtu, na Bi Perpetua akitaka kuwafukuza awafukuze. Milenka alisimama chini ya kamba na pumzi yake kifuani. Mluzi wake ulisikika mpaka bombani. Alikohoa, akashika kibanio, akakohoa tena mpaka machozi yakamtoka.

"Inauma, mama."

"Najua inauma."

"Huko ndani inauma zaidi. Nje kidogo. Ikiwa kwenye kamba haiumi kabisa." Alikuwa ameshaanza kuivua. "Iache tu hapa."

"Sasa utacheka vipi, Mile?"

Mtoto alifikiri, kwa kuwa aliulizwa.

"Sicheki," alisema, akaikunja pumzi yake vizuri, akaitia kwenye mfuko wa mkate, akanyoosha mikono ili mama yake amsaidie kuitundika. Zoraida alimsaidia. Aliweka vibanio viwili, kisha akaongeza cha tatu.

Agosti ilipoingia, Bi Perpetua alileta kiti chake cha kamba, akakiweka chumbani, mahali pa kitanda cha Milenka. Alikuja kila Jumamosi asubuhi, baada ya kunywa kahawa, akaketi sikio ukutani akijisikiliza. Alileta peremende zake. Wakati mwingine aliitikia kwa kichwa. Aliwatangazia wapangaji wote kwamba ukuta ule sasa usiguswe: siki ni marufuku, klorini ni marufuku, brashi ni marufuku, kwani humo mna pumzi za mtu. Atakayeonekana na tambara atafute pengine pa kukaa. Chumba kilichokuwa wazi upande wa pili kilipata mpangaji mpya, fundi cherehani na mkewe, na siku ya kwanza walisimama uani na mizigo yao wakiuliza kamba ya pumzi ni ipi. Teófila aliwaonyesha, akawatafutia nafasi, akawaonya kuhusu ile iliyo karibu na choo.

Kuvu ilipanda mpaka darini, ikageuka kona, ikaanza ukuta wa pili. Ukuta ulisema tangu asubuhi hadi jioni, na sasa, kwa kuwa haukufutwa, ulisema wazi zaidi, mpaka mtu aliweza kuusikia akiwa bombani anajaza ndoo.

Jumamosi iliyofuata Zoraida alichovya tambara kwenye siki kama alivyozoea, akasimama mbele ya ukuta. Bi Perpetua alikuwa kitini, macho amefumba. Fundi alishaniambia zamani, dada, ukuta ulisema. Zoraida alikamua tambara ndani ya beseni, akalikamua tena ingawa halikuwa na kitu. Angeweza kukivuta kile kiti cha kamba, aanguke. Angeweza kumziba yule mama mdomo kwa siki. Alimtazama mwanawe badala yake, na Milenka, bila kuambiwa, akageuka, akakusanya nywele zake kwa mikono miwili na kuinamisha shingo.

Ukuta ulikuwa umekatazwa kufutwa. Mtoto hakukatazwa. Zoraida alianzia chini palipokuwa peusi, kati ya mabega, akapanda palipokuwa pa kijani, akamalizia nyuma ya masikio, ambako kuvu ilikuwa bado changa. Wamezoea, ukuta ulisema. Akageuza tambara upande msafi, akamwambia mtoto kwa mkono anyooshe mabega, akaendelea.